Mazoezi ya Mama na Umbali wa Kisima

Wapo wenzetu wasemao kwamba mama mwenye kipato kidogo hana utamaduni wa mazoezi. Hupita na vipaza sauti wakimtaka akimbie, kisha humlaumu asipotokea uwanjani. Sisi twaikataa hoja hiyo, na ushahidi wetu twautoa mkoani Singida.

Tufanye hesabu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa kila mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400. Kaya ya watu 6 yahitaji lita 150, yaani safari 8 za ndoo ya lita 20. Kituo kikiwa kwenye ukomo huo, mama hutembea zaidi ya kilomita 6, nusu yake akiwa na kilo 20 kichwani, na mara nyingi mtoto mgongoni. Na hapo sera imetimizwa! Singida ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua. Kiangazi visima vifupi hukauka. Mjini, maziwa ya Singidani na Kindai yanameremeta machoni, lakini maji yake ni ya chumvi. Bado hajaenda kuni, wala hajalishika jembe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri kwamba mwanamke wa kijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku. Mtu huyo aambiwe nini juu ya kunyoosha viungo?

Hatusemi kwamba sulubu ni mazoezi. Mazoezi yana kiasi na mapumziko, nayo huujenga mwili, sulubu huula.

Mjini tatizo lina sura nyingine. Mama apangaye chumba kimoja na kuuza vitumbua mlangoni huketi kutwa. Lakini aende wapi? Uwanja ni wa mpira wa wanaume, kando ya barabara pikipiki zamsukumia mtaroni, na mtoto wa miaka 2 atamwachia nani? Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, Makamu wa Rais wakati huo, alihimiza mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Wito ulikuwa mwema. Ila Jumamosi asubuhi ndiyo saa ya ndoo na ya kufua. Wazee wetu walimwita mama ngomani, naye bibi akampakata mtoto.

Basi wanaotaka mama achangamke wamsogezee kisima, na baba aishike ndoo ya pili. Viwanja vya shule vifunguliwe jioni kwa netiboli ya akina mama, na awepo mtu wa kuwaangalia watoto. Hayo yakifanyika, ndipo tutakapokubali kulisikia neno uvivu.