Wawili wakusanye, watatu wagawe

Lubumbashi, siku ya tano asubuhi, mama Myahudi mwenye kushika sheria za dini yake anaenda sokoni na hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni pesa, kama kila mama. Ya pili ni jua. Likizama, karibu saa kumi na mbili za magharibi, Sabato inaingia. Kuanzia hapo mpaka nyota zionekane siku ya posho jioni, hanunui, hauzi, hawashi moto, hagusi pesa wala hapandi gari. Telefone nayo inalala.

Kwa wauza kambale anapita bila kusimama. Sheria inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba, na kambale hana magamba, kwa hiyo anachukua tilapia. Mboga ya majani anaweza kununua, lakini itaangaliwa jani kwa jani, maana mdudu asiingie chunguni. Kuku aliyechinjwa na mtu yeyote hawezi kumchukua: mchinjaji lazima awe amejifunza kazi hiyo, kisu chake kisiwe na pengo hata dogo, na nyama itiwe chumvi ili damu itoke. Mahali pasipo mchinjaji, familia inakula samaki na mayai, basi. Saa tisa moto unawaka tayari, na chungu cha kesho kinawekwa juu yake ili kikae na joto usiku mzima, kwa sababu kesho hakuna mtu atakayeongeza makala.

Wayahudi wenye kuishi hivyo Lubumbashi wamebaki wachache sana. Wasikilizaji wengi wanajua Wayahudi wa Biblia, na wanajua wale wa habari za vita. Juu ya vita hivyo kila mtu ana maneno yake, na makala haya hayaongezi mengine. Katika mizunguko ya siku ya tano kuna mmoja ambao komite za wahami na za parokia katika Kivu na Ituri zingefaa kuujifunza. Ni mzunguko wa sanduku la maskini.

Sheria yake ni ya zamani. Iliandikwa katika Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa karibu na mwaka wa 200. Wakati huo Waroma walikuwa wamekwisha kubomoa hekalu la Yerusalemu, mwaka wa 70, na watu wengi walikuwa wametawanyika. Haikutungwa na watu wenye kukaa salama. Inasema sanduku la wiki likusanywe na watu wawili, ligawiwe na watu watatu. Wawili, kwa kuwa mtu mmoja peke yake asiwe na nguvu ya kudai pesa kwa wengine. Watatu, kwa kuwa kugawa ni kama kukata hukumu, na hukumu ya mali inataka waamuzi watatu. Mgao unafanyika siku ya tano, mbele ya Sabato, ili hakuna nyumba itakayoingia usiku ule bila mkate.

Walimu waliofuata, wale wa Talmudi, waliongeza mambo madogo yenye kuonyesha kwamba walijua watu vizuri. Wakusanyaji wawili wasiachane wakiwa sokoni. Mmoja wao akiokota pesa njiani, asiitie mfukoni mwake. Aitie katika mfuko wa maskini, na akifika nyumbani ndipo aitoe. Mtu akimlipa deni lake mwenyewe pale sokoni, anafanya vilevile. Na pesa zihesabiwe moja moja, si mbili mbili, ili mwenye kutazama kwa mbali asifikiri kwamba nyingine imepotea kati ya vidole. Sheria haisemi kwamba mkusanyaji ni mwizi. Inamkinga asiitwe mwizi.

Mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mgao hapa Kongo anaelewa haraka. Malalamiko yanajulikana: orodha inakaa kwa mtu mmoja, ufunguo wa depo kwa mtu huyo huyo, majina ya watu wasioonekana, jetoni zinazouzwa nyuma ya nyumba. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine mwenye kugawa ni mtu mnyoofu, lakini kwa kuwa alikuwa peke yake hakuna wa kumshuhudia, na jina lake linaharibika bure. Kote kuwili maskini ndiye anayeumia, maana mwezi unaofuata watu wa mtaa hawatoi tena.

Kuna wenye kujibu kwamba mashirika makubwa yana kanuni zao, wanaandika majina na kuchukua alama za vidole. Ni sawa. Lakini wahami wengi hawakai kambini. Wanakaa katika familia zilizowapokea, na chakula chao cha kwanza hakitoki kwenye lori. Kinatoka kwa jirani, kwa kikapu cha kanisa, kwa mchango wa msikiti, kwa wamama wa likelemba. Hapo hakuna alama za vidole. Kuna mtu mmoja mwenye bahasha, na kila mtu anaona haya kumuuliza.

Jambo la pili ni la yule anayefika leo. Mishna inasema maskini mwenye kupita njia apewe mkate. Akilala, apewe mahali pa kulala. Akikaa Sabato, apewe chakula cha mara tatu. Hesabu hiyo haingoji huruma ya mtu. Walimu waliuliza pia: mgeni asiyejulikana achunguzwe kwanza? Walibishana. Jibu lililosimama ni kwamba mwenye kuomba nguo anachunguzwa, lakini mwenye kusema ana njaa anapewa chakula bila kuchunguzwa. Nguo zinaweza kungoja siku mbili. Tumbo la mtoto haliwezi.

Hapa ndipo komite nyingi zinafanya kinyume. Mama aliyetembea siku tatu na watoto anaulizwa kijiji, shefu, karata ya uchaguzi, na kwa nini jina lake haliko kwenye orodha ya mwezi uliopita. Kuuliza si kosa. Wadanganyifu wapo, na Mishna yenyewe inajua: mwenye chakula cha mara kumi na nne asiguse sanduku la wiki. Kosa ni mpango. Sahani ya kwanza itolewe, maswali yaje kabla ya shitingi na godoro.

Kama mtu anafikiri sheria hizi ni za matajiri, aangalie Wayahudi wa Katanga wenyewe walipita wapi. Wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni cha Ugiriki. Mababu zao walifukuzwa Uhispania mwaka wa 1492, na zaidi ya miaka 400 baadaye wajukuu walikuwa wangali wanasema nyumbani Ladino, lugha yenye kutoka katika Kihispania cha zamani. Tangu mwanzo wa karne ya 20 vijana wao walikuja Kongo kutafuta maisha. Karibu na mwaka wa 1930 sinagogi ilikuwa imesimama Elisabethville, jina la Lubumbashi wakati ule, na Rabi Moïse Levy aliwatumikia kuanzia 1937 mpaka 1991. Baba yake Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alitoka kisiwa hicho hicho.

Mwezi wa saba 1944 Wajerumani walikamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walioishi ni karibu 150. Wale waliokuwa Katanga wakabaki bila kwao pa kurudi, na baadhi ya waliookoka wakawafuata huku. Kisha vurugu za miaka ya 1960 na Zairianisation ya 1973 ziliwatawanya tena, wengi wakaenda Brussels na Cape Town. Huko nako walitafuta kwanza watu kumi, kwa kuwa sala yao ya pamoja inataka watu wazima kumi. Kwa desturi yao ya zamani, wanaume. Wakiwa tisa, mwenye msiba hawezi kusema sala ya marehemu wake. Basi mtu anatumwa nyumba kwa nyumba kutafuta wa kumi, na huyo wa kumi, hata akiwa maskini kuliko wote, siku hiyo wanamngoja yeye.

Kuna sheria moja tena ambayo ingeweza kuwashangaza wafadhili: hata maskini mwenye kula kutoka sandukuni anapaswa kutoa sadaka, kidogo tu. Hawaruhusu mtu abaki mpokeaji peke yake. Kwa wahami wa hapa neno hilo ni la maana. Katika komite nyingi za mtaa, wenyeji ndio wenye kukusanya na wenye kugawa, na mhami anaitwa tu kuweka kidole kwenye karatasi, ilhali yeye ndiye anayejua nani amefika jana usiku na nani amejifungua kwenye darasa la shule.

Siku ya posho ya karibuni, mahali ambapo mgao unafanywa na mtu mmoja, waongezwe wawili, na mmoja wao awe mhami, mwanamke ikiwezekana. Franka zihesabiwe mezani, moja moja, mlango ukiwa wazi.