Deni ambalo Schäuble hakuliogopa

Oktoba 2017, Wolfgang Schäuble alipoagana na Wizara ya Fedha ya Ujerumani, mamia ya watumishi waliovaa nguo nyeusi walijipanga katika ua wa wizara jijini Berlin wakaunda sifuri kubwa, wakapigwa picha kutoka juu. Sifuri ile ilikuwa fahari ya bosi wao. Mwaka 2014 serikali kuu ilifunga hesabu zake bila kukopa hata senti moja mpya, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1969. Alipofariki Desemba 2023 akiwa na umri wa miaka 81, wengi walimkumbuka kwa sifuri hiyo na kwa ukali wake dhidi ya Ugiriki. Kumbukumbu hiyo inampunja. Mhafidhina huyu wa chama cha CDU, aliyekaa bungeni miaka 51 mfululizo kuliko mbunge yeyote katika historia ya Ujerumani, alifanya kazi yake kubwa pale alipokataa kuiachia hesabu iamue mambo ya siasa. Alipoiachia, ndipo alipokosea.

Mwaka 1990 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kansela Helmut Kohl, na ndiye aliyeongoza upande wa Magharibi katika mazungumzo ya Mkataba wa Muungano na Ujerumani Mashariki. Mkataba ulitiwa saini tarehe 31 Agosti, na Oktoba 3 nchi mbili zikawa moja. Mtu wa kupiga hesabu peke yake angeomba muda zaidi. Viwanda vya Mashariki vilikuwa hoi, na tangu Julai mishahara ya huko ilikuwa imeshageuzwa kuwa maki ya Magharibi kwa kiwango cha moja kwa moja, wakati Benki Kuu ilikuwa imeshauri mbili kwa moja. Serikali ilianzisha mfuko wa maki bilioni 115 kwa ajili ya Mashariki, sehemu kubwa yake ikiwa mikopo, na haukutosha. Kila aliyekuwa mezani alijua kwamba deni litapanda. Walilikubali kwa sababu nafasi ile isingesubiri vitabu vya hesabu vikae sawa.

Siku tisa baada ya muungano, Schäuble alipigwa risasi na mtu mwenye maradhi ya akili katika mkutano wa kampeni mjini Oppenau. Tangu hapo alitumia kiti cha magurudumu. Juni 20, 1991, akiwa katika kiti hicho, alilihutubia Bunge lililokuwa likibishana kama makao ya serikali yabaki Bonn au yahamie Berlin. Aliwaambia wabunge kwamba gharama za kuhama, ajira na masilahi ya mikoa ni mambo muhimu, lakini linaloamuliwa hasa ni mustakabali wa Ujerumani nzima. Willy Brandt, kansela wa zamani kutoka chama pinzani, aliinuka akaenda kumpa mkono. Berlin ilishinda kwa kura 338 dhidi ya 320. Ikumbukwe kwamba jimbo lake Schäuble lilikuwa Offenburg, kusini magharibi, karibu na mpaka wa Ufaransa, kwa hiyo hakuwa akivutia kwake.

Sasa mlinganishe na Schäuble wa Julai 2015. Ugiriki ilikuwa imekwama; uchumi wake ulikuwa umepungua kwa takriban robo, na miaka miwili nyuma ukosefu wa ajira ulikuwa umevuka asilimia 27. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka masharti ya IMF ya mwaka 1986 hahitaji kuelezwa kubana matumizi kunafananaje mtaani, na IMF hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa wadai watatu wa Ugiriki. Wizara ya Schäuble ikasambaza karatasi iliyotaja uwezekano wa Ugiriki kutoka katika sarafu ya yuro kwa miaka mitano. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: nchi iliyomo ndani ya yuro haiwezi kufutiwa deni, na kama deni halilipiki, nchi itoke kwanza. Kwa mantiki ya mwanasheria, hoja haina ufa. Lakini ni mantiki ileile ambayo, kama ingetumika mwaka 1990, ingewaacha Wajerumani wa Mashariki wakisubiri nje ya mlango.

Watetezi wake watasema mfano huu haufai. Wajerumani wa Mashariki walikuwa ndugu wa taifa moja, na serikali yao ilikuwa inajivunja yenyewe; Ugiriki ilikuwa dola huru iliyopotosha takwimu zake za nakisi ya bajeti, na mlipa kodi wa Ujerumani hakuwa na kura Athens. Hoja hii ni nzito, ila inamsahau Schäuble mwenyewe. Mwaka 1994 alishirikiana na Karl Lamers kuandika waraka uliodai Ulaya iungane kwa kina zaidi, kuanzia na kundi la nchi chache zilizo tayari. Kama kuna mwanasiasa wa Ujerumani aliyeamini kwamba udugu wa Ulaya ni mradi wa siasa kuliko mradi wa benki, ni yeye. Wengine watasema dawa ya deni ni kulipa, na kwamba Ugiriki ilitoka katika mpango wa mikopo Agosti 2018 ikiwa imesimama. Ni kweli ilisimama. Ilisimama ikiwa ndani ya yuro, baada ya Kansela Angela Merkel kuiweka kando karatasi ya waziri wake na wadai kurefusha muda wa kulipa.

Wala yeye hakuwa mtu asiyevunja kanuni. Mwaka 1994 alipokea maki 100,000 taslimu kutoka kwa mfanyabiashara wa silaha Karlheinz Schreiber kwa ajili ya chama. Desemba 1999 aliulizwa bungeni akajibu kana kwamba fedha hizo hazikuwapo, na Januari akakiri. Akapoteza uenyekiti wa CDU, ukaenda kwa Merkel. Aliyemsaka mdeni wa Athens kwa kila kifungu alikuwa amewahi kuhitaji kuvumiliwa, na akavumiliwa: Merkel alimrudisha serikalini mwaka 2005.

Hata ile sifuri haikudumu, wala haikuwa kazi ya ukali peke yake, maana miaka ile riba ilishuka mno na Ujerumani ilikopesheka karibu bure. Ndio wakati wa kukarabati madaraja na reli, na serikali ikauacha upite. Septemba 2024 sehemu ya daraja la Carola mjini Dresden ilianguka mtoni. Machi 2025 Bunge lilibadili katiba ili kuruhusu mfuko wa yuro bilioni 500 za miundombinu, zote za kukopa, na kulegeza kikomo cha deni kwa matumizi ya ulinzi. Aliyeyasukuma mabadiliko hayo ni Friedrich Merz, mtu ambaye Schäuble alimpigia debe hadharani mwaka 2018 ili aongoze CDU. Wahafidhina wenzake Merz walimlaumu kwa kuusaliti urithi wa mzee. Urithi wa 2014, ndiyo. Ule wa 1990 ulikuwa umejengwa kwa mkopo tangu siku ya kwanza.