Baisikeli ya Mianzi

Mwanzi waujua vema. Umeujengea ghala, umeufanya ngazi, na kama u mtu wa Iringa umeugema ulanzi. Lakini je, umepata kusikia kwamba watu waliupanda barabarani?

Naam. Mwaka 1894 baisikeli za mianzi zilitokea Uingereza, zikiuzwa na Bamboo Cycle Company. Miaka ile ile Grundner na Lemisch walizitengeneza huko Ferlach, Austria. Mwanzi ulikuwa mwepesi, tena ulipunguza mtikiso wa njia mbaya. Kisha mabomba ya chuma yakashinda, na baisikeli zile zikawa adimu sana.

Basi ukikuta moja, utaitambuaje? Kwanza tazama maungio. Katika zile za kale, ncha ya mwanzi imeingizwa ndani ya kiungo cha chuma. Kama maungio yamezungushiwa nyuzi zilizoloweshwa gundi ngumu, hiyo ni ya siku hizi. Craig Calfee wa Kalifornia alitengeneza yake ya kwanza mwaka 1995, na baadaye mafundi wa Ghana wakajifunza kazi hiyo. Nayo ni baisikeli nzuri, ila usiiuze kwa jina la kale, maana huo ni udanganyifu.

Pili, inua gurudumu la nyuma ulizungushe. Pedali zikizunguka pamoja nalo mbele na nyuma, hiyo ni dalili moja ya miaka ile. Tatu, tafuta bamba la jina mbele, chini ya usukani, na namba iliyogongwa kwenye chuma. Yaandike yote, upige na picha, kabla hujashika spana.

Sasa sikiliza sana. Fundi wetu akikuta kiungo kimeshikwa na kutu, hukipasha moto. Hapa moto ni adui. Mwanzi umo ndani ya chuma, nao utaungua usiuone. Kwa nje kila kitu chema. Siku ya mteremko fremu itaachana, na mwanao ndiye atakayeanguka. Tia mafuta kidogo kidogo, ngoja siku kadhaa, jaribu tena pole pole.

Tena usipige msasa, kwa kuwa ngozi ya juu ya mwanzi ndiyo yenye nguvu kuliko nyama yake ya ndani. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Ukiona vitundu vyenye unga, wadudu wamo. Ufa mdogo ufunge kwa uzi uliopakwa nta, uukaze sana. Mwanzi uliovunjika ubadilishe kwa mwingine uliokomaa, wenye unene ule ule, uliokaushwa kivulini miezi mingi. Kile kipande cha zamani usikitupe, kiwekee alama.

Na ukiisha maliza, itundike pakavu, mbali na jua na moshi wa jiko. Usiipande: mwanzi wa miaka zaidi ya 120 haustahili kubebeshwa mtu.

Utasema, “Mimi itanifikia wapi?” Huenda isikufikie kamwe. Lakini iko ile ya babu darini, ambayo vijana wataka kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kaa nao, isomeni namba, isafisheni, ijueni kwanza. Mkiisha kuijua, ndipo mwamue.