Haki ya Mkulima Haiokotwi Chini ya Mkorosho

Ndugu waamini, nanyi viongozi wa walei wa Mkunya na wa parokia zote za uwanda wa Makonde,

Methali husema mnyonge hana haki. Sisi twaikataa. Mnyonge anayo haki. Anachokosa ni wenzake wa kuidai pamoja naye.

Wazee wetu waliijua nguo ya merikani. Baada ya Sayyid Said kutiliana mkataba na Marekani mwaka 1833, nguo hiyo ilimiminika Unguja kutoka viwanda vya Massachusetts, ikabebwa na misafara hadi bara, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na hata kwa wanadamu. Pamba ya viwanda vile ilichumwa na watumwa. Mashine ziliendeshwa na wasichana waliofanya kazi saa 12 na zaidi kwa siku. Dhuluma ya mbali ilitufikia ikiwa imekunjwa vizuri kama kitambaa.

Lakini wasichana wa mji wa Lowell hawakunyamaza. Mwaka 1834 walipunguziwa ujira, wakagoma, wakashindwa. Mwaka 1836 wakagoma tena. Mwaka 1845, Sarah Bagley akiwa miongoni mwa viongozi wao, walidai mbele ya bunge la jimbo kwamba kazi isizidi saa 10. Wakaambiwa hilo si jambo la bunge. Sheria ilipatikana mwaka 1874. Wanawake wale hawakuwa na kura. Je, sisi wenye kura katika chama chetu cha msingi, twangoja nini?

Twajua kilichotuvunja moyo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali. Mwaka 1982 vikarudishwa kwa sheria. Yote mawili yalitoka juu, na wengi wakazoea kuuona ushirika kuwa mali ya ofisi. Mwaka 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnada. Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba korosho. Sauti ya mkulima ilisikika. Hata hivyo wengi walingoja fedha zao kwa miezi. Kukataa bei ni mwanzo tu: asiyejua yaliyomo katika daftari la chama chake huishia kungoja huruma.

Wapo wasemao, "Ushirika ni makato matupu, heri kangomba." Twawajibu hivi. Makato yasiyoelezwa ni dhuluma, nasi hatuyatetei. Lakini mnunuzi wa kangomba hukopesha wakati wa njaa, kisha hujilipa kwa korosho zilizo bado mtini, kwa kipimo alichokichagua mwenyewe. Mama aliyeuza mapema ili watoto wapate unga hatumhukumu. Twamhukumu aliyeigeuza njaa yake kuwa faida. Nyumba ikivuja huezekwa upya. Mwenye nyumba hahamii porini.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kisome hadharani, mbele ya wanachama, kila senti iliyokatwa na sababu yake, kabla ya malipo. Pili, wanawake wanaopalilia mikorosho na kuokota korosho waandikishwe kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe, wala wasiwakilishwe na waume zao. Tatu, kila jumuiya ndogo ndogo ianzishe mfuko wa akiba wa kuwakopesha wanajumuiya miezi ya njaa, maana bila huo hotuba zote dhidi ya kangomba ni maneno ya walioshiba.

Msiseme haya ni siasa, yasiyolihusu Kanisa. Mizani ya uongo ni dhambi hata ikiwekwa ghalani. Viongozi wa walei, mkutano mkuu ujao msikae nyuma. Ulizeni. Mkinyimwa jibu, ulizeni tena mwaka unaofuata, na mwingine, kama walivyofanya wale wasichana wa viwandani.