Gari imebadilishwa motere, lakini nani ameangalia freni?

Katika mji wa Butembo, Toyota Prado yenye motere ya V6 ya esanse na bwate ya otomatiki inaweza kuingia garaji juma hili, na juma linalofuata ikatoka ikinywa mazutu, fimbo ya vitesi ikiwa imesimama katikati ya viti viwili vya mbele. Hakuna anayeshangaa tena. Mwenye gari analipa, makanika wananawa mikono kwa sabuni ya unga, na gari inarudi barabarani kuelekea Beni ao Lubero ikiwa imejaa watu. Kazi yenyewe si ya aibu. Ubaya ni kwamba watu wengi wanahesabu kazi imekwisha pale motere inapowaka, wakati freni za gari hiyo zilikuwa zinategemea motere iliyotolewa.

Wako wanaozicheka gari hizi na kuziita za kuungaunga. Hao mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kulala njiani na gari ya otomatiki iliyokufa. Magari mengi yanayoingia kwa mpaka wa Kasindi yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Yalitembea huko miaka mingi kwenye lami, yakauzwa, yakapanda meli mpaka Mombasa, kisha yakavuka Kenya na Uganda. Yakifika huku yanakuta matope, mawe, milima, na esanse inayouzwa katika bidoni kando ya barabara. Bwate ya otomatiki inataka mafuta yake ya aina yake, safi na yasiyochemka kupita kiasi. Gari ikikwama kwenye matope na dereva akakanyaga nusu saa nzima, mafuta hayo yanapata moto, yanageuka rangi, na sahani za ndani zinaanza kuteleza. Kuifungua bwate hiyo kunahitaji vyombo na piyesi ambazo ni vigumu kupata. Ya mkono inafunguliwa juu ya gunia, chini ya mti, na makanika aliyejifunza kwa kaka yake.

Tena, gari yenye bwate ya mkono inasukumwa ikawaka siku betri imekufa. Ya otomatiki haisukumwi. Kwa mtu anayelala Lubero kwenye baridi, hilo peke yake linatosha kumfanya auze mbuzi wawili.

Kwa upande wa motere, hesabu ni ya mfuko. Motere ya V6 inayoitwa 5VZ-FE ina ukubwa wa sentimita za ujazo 3378, na inakunywa sana kwenye mlima. Ile ya mazutu inayoitwa 5L ina 2986. Haina kompyuta, haina turbo, na makanika wa hapa anaijua kama anavyojua jina la mama yake. Ni kweli kwamba nguvu zake ni kidogo: V6 ina farasi karibu 180, na 5L ya kawaida haifiki 110. Juu ya milima ya Lubero, mahali hewa ni nyepesi, motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1000 za kupanda. Basi gari inapanda polepole, moshi mweusi nyuma, na abiria wanalalamika. Lakini inafika. Mtu anayefanya biashara ya viazi ao ya kupeleka watu amechagua kufika, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo.

Toyota yenyewe iliuza miili mingi ya gari ikiwa na motere za aina mbalimbali. Hiace ya mwili mmoja iliweza kutoka kiwandani na 1RZ ya esanse ao na 3L ya mazutu. Prado vilevile. Kwa sababu hiyo mahali pa kufungia motere mara nyingi pako tayari juu ya shasi, na makanika mwenye akili hatafuti moto wa kuchomelea. Anatafuta vishikizo vya kweli vya motere ile, na matundu yanakubali. Kazi ya namna hiyo ni nzuri. Inafaa kusifiwa, na vijana wanaoifanya bila mtu kuwapa cheti wanastahili heshima kuliko wanayopata.

Freni sasa.

Chini ya kapo, upande wa dereva, kuna kitu cha duara kinachofanana na sahani mbili za bati zilizofunikana. Ni servo. Kazi yake ni kuongeza nguvu ya mguu, na inafanya hivyo kwa mvuto wa hewa. Katika motere ya esanse, hewa inaingia kupitia mlango mdogo unaofunguliwa na pedali ya gazi. Dereva akiachilia pedali, mlango unafungika, motere inaendelea kutaka hewa, na mvuto mkubwa unatokea ndani ya bomba. Mpira mmoja unapeleka mvuto huo kwenye servo. Ni rahisi na haigharimu kitu.

Motere za mazutu za zamani hazina mlango huo. Hewa inaingia bila kizuizi, na mvuto haupatikani. Ndiyo maana kwenye 3L na 5L, Toyota iliweka pompi ndogo ya mvuto nyuma ya alternatere, inayozungushwa pamoja nayo na kupakwa mafuta ya motere kwa mipira yake. Pompi hiyo ndogo ndiyo inayowezesha mguu wa mtu wa kilo 60 kusimamisha gari ya tani mbili.

Motere ya okazyo, lakini, haifiki kila mara ikiwa kamili. Inaweza kufika bila alternatere, kwa sababu alternatere imeuzwa peke yake. Mwenye gari amekwisha kulipa motere, bwate, sahani ya amburayaji, mafuta na mkono wa makanika. Pesa imekwisha. Basi wanachukua alternatere ya ile motere ya esanse iliyotolewa, wanaitafutia kishikizo, mkanda unazunguka, betri inapata chaji, taa zinawaka. Mpira wa servo unafungwa mahali popote, ao unazibwa kwa kipande cha bulo. Gari inajaribiwa mbele ya garaji, mahali pa tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Inasimama, na kila mtu anapongezana.

Freni bado zipo, ila hazina msaada. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na dereva anajizoeza kukanyaga kwa miguu miwili. Baadaye anasema gari yake ina freni za kiume. Anaposhuka Kabasha, ao mwenzake wa Bukavu anaposhuka Ngomo kwenda Kamanyola, na watu wanane ndani na magunia juu, uanaume huo unapimwa mahali pabaya. Bwate ya mkono itamsaidia akiweka vitesi vya pili na kuvishikilia, lakini ng'ombe akiingia barabarani kwenye kona, vitesi vya pili havitoshi.

Kuna njia ya kujua ambayo haihitaji makanika wala pesa. Motere ikiwa imezimwa, pedali ya freni inakanyagwa mara tano ao sita mpaka iwe ngumu. Kisha mguu unabaki juu yake bila kulegeza, na gari inawashwa. Ikiwa servo inapata mvuto, pedali inashuka kidogo chini ya mguu palepale. Isiposhuka, servo haifanyi kazi, hata muuzaji akisema nini. Jaribio hili linachukua muda mfupi kuliko kubishana bei, na mtu yeyote anayenunua gari ya okazyo iliyobadilishwa motere alifanye kabla ya kutoa dola moja.

Mambo mengine ya bwate yanafuata njia ileile. Gari ya otomatiki ina usalama wake: haiwaki mpaka fimbo iwe kwenye P ao N. Bwate ya mkono ikiwekwa, waya za usalama huo zinaunganishwa pamoja ili gari iwake, na tangu siku hiyo inawaka hata ikiwa ndani ya vitesi. Mtoto anayecheza na ufunguo anairusha gari mbele ukutani, ao juu ya mtu. Taa nyeupe za kurudi nyuma nazo zinasahaulika mara nyingi. Swichi iko juu ya bwate mpya, lakini waya mbili hakuna aliyezipeleka.

Kisha kuna karda, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Bwate ya mkono si lazima iwe na urefu sawa na ya otomatiki. Karda inakatwa, inaongezwa kipande ao inapunguzwa, na kuchomelewa kwa macho tu. Ikikosa usawa, gari inatetemeka ikifika kilometa 60 kwa saa, na dereva anadhani ni pine. Mtetemo huo unakula vifundo vya karda, na siku kifundo cha mbele kinapokatika gari ikiwa mbioni, shafti inaanguka na kuchimba barabara chini ya miguu ya abiria. Fundi wa chuma aliye na mashine ya kuzungusha anaweza kuipima. Kama hayupo, ni afadhali kutafuta karda ya gari iliyotoka kiwandani na bwate ileile, hata ikiwa inangojewa majuma mawili kutoka Kampala.

Makanika atasema, na ana haki, kwamba mteja ndiye anayekataa kulipa. Mwenye gari anaona motere na anaona fimbo ya vitesi, kwa hiyo vitu hivyo viwili anavilipia. Pompi iliyojificha nyuma ya alternatere haioni. Lakini makanika anajua, na abiria anayekaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani hajui lolote. Kati ya watu hao watatu, mmoja tu ndiye anayeweza kusema hapana bila kujifunza kitu kipya. Garaji inayotoa gari ya mazutu bila mvuto wa servo imetoa gari isiyokwisha, hata kama mwenyewe ameridhika na kulipa.

Na Serikali? Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile ya barabara, ingali inatumika, na gari inayotembea bila freni nzuri haikubaliwi nayo. Kuna kontrole tekniki. Kuna polisi wa barabara, PCR. Kuna tume ya kuzuia ajali, CNPR. Lakini kila mwenye kusafiri anajua jinsi gari inavyosimamishwa: karatasi zinatolewa dirishani, zinaangaliwa, zinarudishwa, na kapo haifunguliwi. Gari iliyobadilishwa motere inamfaa askari mwenye njaa, kwa maana karatasi zinasema esanse na gari inakunywa mazutu, ao namba ya motere haifanani. Dereva anatoa kitu kidogo na anaendelea kushuka mlima na pedali ngumu. Kosa la karatasi limelipiwa, la freni limepita bila kuguswa.

Matokeo yake ni kwamba wenye magari wanaficha mabadiliko badala ya kuyaandikisha. Kuandikisha kunaonekana kama kujipeleka wenyewe kwa watoza kodi, hasa kwa kuwa vinyeti inahesabiwa kwa nguvu za gari. Siku ya ajali ndipo uficho huo unapouma. Bima ya gari ni ya lazima inchini, lakini kampuni inayotafuta mlango wa kukwepa malipo inaupata wazi: gari iliyoandikwa kwenye mkataba si ile iliyogonga. Aliyevunjika mguu anabaki na hospitali yake.

Kuzuia kazi hii kungekuwa upumbavu, na hakuna atakayetii. Kinachowezekana ni karatasi moja ya garaji, yenye namba ya motere iliyotoka na ya ile iliyoingia, aina ya bwate, mahali mvuto wa servo unapotoka, jina la makanika na sahihi ya mwenye gari. Kontrole tekniki ikubali karatasi hiyo na kurekebisha maandishi kwa bei inayojulikana na kubandikwa ukutani, ili mtu asiogope kuja. Chama cha madereva, ACCO, kinaweza kuanza bila kungoja Kinshasa: magari yanayopakia watu kwenye parkingi zake yapimwe pedali asubuhi kabla ya abiria wa kwanza kupanda. Haihitaji chombo chochote. Inahitaji mtu mmoja mwenye mguu, na ruhusa ya kumwambia mwenye gari kwamba leo hapakii.