Presha ya Nini?

Mama mmoja wa makamo aliketi mbele ya muuguzi, mkono wake ukiwa ndani ya mkanda wa mashine. Namba zilisomeka 172 kwa 104. Alipoulizwa iwapo anatumia dawa zake, alijibu bila wasiwasi: "Nilikwishaziacha, mwanangu. Presha ilikuwa ya wakati ule wa kesi ya shamba. Kesi imekwisha, sasa sina presha."

Mama huyu hakudanganya, wala hakuwa mjinga. Alizungumza Kiswahili sahihi, kama kinavyozungumzwa nje ya lango la hospitali. Kosa lilikuwa letu sisi tuliompa vidonge miezi kadhaa nyuma tukamwambia "una presha", kisha tukamwita mgonjwa anayefuata.

Neno hili limetoka katika Kiingereza na kupata makazi mengi kwetu. Kwa fundi wa matairi, presha ni kiasi cha upepo uliojazwa ndani ya tairi. Jikoni, ni mvuke uliofungiwa ndani ya sufuria. Kiwanjani, timu iliyofungwa bao la mapema hucheza kwa presha. Mtaani, mwenye deni humwomba anayemdai asimpe presha. Mwalimu wa fizikia naye ana neno lake, kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo. Katika matumizi ya mtaani, presha ina sifa mbili: mwenye nayo huihisi, na jambo lililoileta likiisha, nayo huondoka.

Presha tunayoitibu haina hata moja ya sifa hizo. Hospitalini, neno hili humaanisha nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, na kila aliye hai anayo. Ugonjwa ni pale inapozidi, yaani inapofika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti. Ni kweli kwamba wasiwasi huweza kuipandisha kwa muda, lakini iliyokwisha kuwa ugonjwa haingoji wasiwasi. Mara nyingi haiumi wala haitoi dalili, huku ikidhoofisha moyo, figo na mishipa ya ubongo mpaka siku ya kiharusi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wazima zaidi ya bilioni 1 wanayo, na karibu nusu yao hawajui.

Kuna pia presha ya macho. Wapo wanaoamini kwamba vidonge vya presha vinawalinda na hiyo pia. Presha ya macho ni nguvu ya maji yaliyo ndani ya jicho. Zote mbili hupimwa kwa milimita za zebaki, lakini ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21, na mashine ya mkononi haiwezi kuionyesha. Ikizidi, huweza kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Baadhi ya wenzangu husema dawa ya mkanganyiko huu ni kuliacha neno presha na kutumia "shinikizo la damu" peke yake. Siafiki. Shinikizo nalo lina maisha yake nje ya hospitali: mtu hutia saini kwa shinikizo, kiongozi hujiuzulu kwa shinikizo. Tutakuwa tumebadili neno na kuliacha tatizo mahali pake. Isitoshe, mgonjwa aliyenyang'anywa neno lake hunyamaza, na aliyenyamaza hatibiki vizuri.

Naona ni bora tulibakize neno, tuifafanue maana. Mhudumu wa afya, kabla ya kukabidhi vidonge, na aulize: "Kwako wewe, presha ni nini? Huwa unaijuaje?" Jibu litamwonyesha pa kuanzia. Kisha aitaje namba, aiandike, na aseme wazi kwamba dawa huendelea hata siku ambayo mgonjwa hahisi chochote, na haziachwi mpaka wawili hao wazungumze. Mwisho, amwombe mgonjwa aeleze alivyoelewa kwa maneno yake mwenyewe. Mazungumzo hayo huchukua dakika chache. Kumuuguza aliyepooza huchukua miaka.

Nawe mgonjwa, ukiambiwa una presha, usitoke kabla hujauliza: presha ya nini, na ni ngapi?

Yule mama alielezwa upya, safari hii taratibu. Alifikiri kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo hii ya kwenu haijali kama kesi imekwisha?"

"Haijali, mama."

"Basi mngeniambia hivyo tangu mwanzo."