Betri zilizotumika zinahitaji kanuni moja Kobero

Sigara ya kielektroniki ya kutupa huvutwa siku chache tu, kisha hutupwa. Kinachokwisha ni kimiminika chake. Betri ya lithiamu iliyo ndani, ya volti 3.7, bado inaweza kuchajiwa mara nyingi, sawa na zile zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa sigara hizo tarehe 1 Juni 2025, taka zake zikiwa miongoni mwa sababu.

Burundi, ambako kaya nyingi hazina umeme wa gridi, betri hiyo ni mali. Fundi wa Gitega akiifungia bodi ya kuchajia, huwasha taa au hufufua redio.

Hata hivyo, betri iliyovimba, iliyotobolewa au iliyoshuka chini ya volti 2.5 yaweza kuwaka ikichajiwa. Zikirundikwa guniani ncha zikagusana, moto huweza kuzuka safarini kati ya Muyinga na Gitega. Lori likiungua, hasara si ya mwenye gunia peke yake.

Sheria nayo imebadilika. Tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zivuke mpaka kwa idhini ya awali ya nchi husika. Cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, hakimwokoi mfanyabiashara hapa. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya.

Kuzuia kila betri kuukuu kutaipeleka biashara hii njia za panya, ambako hakuna anayekagua. Kobero na Kabanga ni kituo cha pamoja. Maofisa wa Burundi na Tanzania wako chini ya paa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki iwape kanuni moja: betri iliyotolewa kwenye kifaa, ikapimwa, ikazibwa ncha kwa utepe na kufungashwa kwenye boksi lisilo la chuma, ikiwa na karatasi ya fundi, ihesabiwe bidhaa. Nyingine ni taka.

Wakati kanuni hiyo ikisubiriwa, wafanyabiashara wasinunue kwa kilo mzigo usiopimwa. Kipima volti ni rahisi kuliko lori lililoungua.